Maoni ya Pande Mbili

Mwaka wa sabini na tano Mwalimu Lukresia Qamara alikuwa na miaka ishirini na minne, na katika Endaqaro nzima hapakuwa na mtu aliyemshinda kwa kuandika Kiswahili. Nyumbani alizungumza Kiiraqw na baba yake, Mzee Qamara, mkulima mjane ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Kiswahili alikikuta shuleni. Alikipenda kuliko hesabu, kuliko kushona, kuliko hata nyimbo za kanisani, na alipomaliza chuo cha ualimu akarudi kufundisha pale pale alipozaliwa, darasa la tatu na la nne katika chumba kimoja.

Endaqaro palikuwa na watu wa aina mbili. Chini, kando ya korongo lenye udongo mweusi, walikaa Wairaqw, kaya kama arobaini, wakilima mahindi na maharage na kuchota maji kwenye visima walivyochimba mchangani. Juu, mwendo wa saa mbili kwa mguu kuelekea upande wa hifadhi ya Ngorongoro, palikuwa na chemchemi isiyokauka, na hapo ndipo palipokuwa na maboma ya Wamaasai. Katikati ya juu na chini palikuwa na tuta refu la mawe. Hapakuwa na maji wala mti, na upepo wa pale uliweza kumvua mtu kofia. Jumatatu na Alhamisi wanawake wa pande zote mbili walikutana kwenye tuta hilo, hawa na vibuyu vya maziwa, hawa na madebe ya mahindi, wakabadilishana, wakaulizana habari za watoto, halafu kila mmoja akashika njia ya kwao.

Hapo ndipo Lukresia, tangu akiwa msichana akimsindikiza mama yake, alipofahamiana na Naserian, mke mdogo wa Ngoyai. Naserian alikuwa akijua Kiiraqw cha sokoni na Kiswahili cha kutosha kumcheka mtu. Mtoto wake wa kwanza, Namelok, alizaliwa mwezi ule ule Lukresia alioanza kazi.

Amri ya kuhamia vijijini ilipofika, haikuwakuta watu wakiwa hawana habari. Walikuwa wameisikia redioni, na walikuwa wameona malori yakipita kwingine. Kabla mwaka haujaisha, kila mtu awe anakaa katika kijiji, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari. Wananchi walitakiwa wakutane wao wenyewe, waseme kijiji chao wanakitaka wapi, na muhtasari upelekwe kwa timu ya mipango iliyokuwa imepiga kambi Karatu.

Mkutano ulifanyika katika darasa la Lukresia. Wazee waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, fimbo zao wameziegemeza ukutani. Katibu kata, Josephati, alikuwa mtu mwema na mwoga ambaye mwandiko wake ulikuwa hausomeki hata kwake mwenyewe. Akamwomba Lukresia akae mezani aandike.

Ngoyai alisimama kwanza.

"Sisi tuko juu kwa sababu ya maji," alisema. "Na huku chini kuna ndorobo. Ng'ombe ikikaa huku wiki mbili tu, manyoya inasimama, inakonda, inakufa. Mimi sibishi na serikali. Nabishana na huyo nzi."

Watu wakacheka. Kisha Mzee Qamara akasimama.

"Ngoyai amesema kweli. Na mimi nina shamba. Baba yangu aliling'oa mawe moja moja. Siwezi kulibeba kichwani kulipeleka kwenye chemchemi." Akamtazama Ngoyai. "Lakini huyu ni jirani yangu. Kijiji kiwe kimoja, sisi na wao. Shule moja, zahanati moja, mwenyekiti mmoja. Nyumba zibaki zilipo."

Ngoyai alijibu bila kusimama. "Qamara amesema. Mimi sina la kuongeza."

Hakuna aliyepinga. Mkutano ambao Josephati alikuwa ameuogopa kwa wiki tatu ulikwisha kabla jua halijapanda juu ya paa. Lukresia alikuwa ameandika kila kitu. Alipofika kwenye azimio akaandika, "Nyumba zibaki zilipo," na Josephati, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akashika mkono wake.

"Mwalimu, hapana. Usiandike 'zibaki'."

"Ndivyo walivyosema, Ndugu Katibu."

"Najua ndivyo walivyosema. Lakini huko Karatu wakiona 'zibaki' watasema Endaqaro imekataa operesheni. Watakuja kuniuliza mimi. Tafuta neno la heshima. Neno linalosema hayo hayo, ila lisikike kama tumekubali."

Lukresia alilifikiria jambo hilo, na neno likamjia mara moja, kwa sababu alikuwa akilipenda. Kuoanisha. Kwanza alikuwa amelikuta kwenye mtihani wa darasa la saba: *Oanisha maneno ya fungu A na ya fungu B.* Mtoto anachora mstari kutoka neno la kushoto kwenda neno la kulia. La kushoto halitoki kushoto wala la kulia haliondoki kulia. Mstari unaonyesha tu kwamba haya mawili yanahusiana. Chuoni mkufunzi mmoja alikuwa amewaeleza kwamba mtu mwenye akili hulichukua wazo la huyu na wazo la yule akayaoanisha, akaona yanapokubaliana, bila kumnyang'anya mtu lake. Lukresia alikuwa ameiandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari.

Basi akakata mstari juu ya maneno ya baba yake, akaandika: "Mkutano umeazimia kwa kauli moja kwamba maoni ya pande zote mbili yaoanishwe, na kijiji kiwe kimoja."

Josephati aliisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Maana yake nini hasa?"

"Kila upande na lake, lakini yanakwenda pamoja."

"Neno zuri," alisema Josephati. Uso wake ulikuwa umepata nuru. "Liache hivyo hivyo."

Nje, Naserian alikuwa amekaa na wanawake wengine akimnyonyesha Namelok.

"Umeandika nini humo, Mwalimu?"

"Nimeandika kwamba maneno ya mume wako na maneno ya baba yangu yanakwenda pamoja."

"Pamoja wapi?"

"Pamoja tu. Kimaana."

Naserian alicheka. "Kimaana. Haya."

Hiyo ilikuwa Juni. Katikati ya Agosti, Lukresia akiwa anafundisha, alisikia Landrova ikipita upande wa juu wa shule bila kusimama. Baada ya kengele ya mwisho akapanda kuangalia. Kwenye tuta aliwakuta wapimaji watatu wakipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Mmoja alimsalimia kwa heshima, akamwonyesha karatasi. Palikuwa na alama ya chemchemi na alama ya korongo, na mstari wa penseli ulionyooka kutoka hii kwenda hii. Katikati ya mstari palikuwa na nukta, na juu ya nukta pameandikwa ENDAQARO.

"Hapa ni wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa amesimama hapo hapo.

"Kijijini kwenu, Mwalimu."

Kesho yake Josephati alikuja shuleni na barua. Hakuweza kungoja watoto watoke. Alisimama mlangoni akaisoma kwa sauti ya chini: "Kwa kuzingatia azimio la wananchi wenyewe, waliokubali kwa kauli moja kuoanisha maoni ya pande mbili, timu imechagua mahali palipo katikati, ambapo hakuna upande utakaojiona umependelewa wala kuonewa. Wananchi wanapongezwa kwa moyo wao wa maelewano." Akaikunja.

"Mwalimu," alisema, "kwani lile neno lina maana gani?"

Jumamosi Lukresia akatoka alfajiri, akatembea mpaka Endabash, akapata lori la magunia mpaka Karatu.

Timu ya mipango ilikuwa katika nyumba ya kupanga nyuma ya maduka, meza tatu na makabati mawili ya faili. Kiongozi wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliposikia ametoka wapi alisimama, akamvutia kiti.

"Endaqaro! Wewe ndiye uliyeandika ule muhtasari? Nikwambie ukweli, Mwalimu, katika mihtasari yote iliyonifikia, wenu ndio nilioweza kuusoma mpaka mwisho."

Akalifungua faili. Lukresia akaiona sentensi yake, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, Ndugu. Ndiyo maana nimekuja. Sentensi hii haikueleweka."

"Mimi niliielewa vizuri sana."

"Kuoanisha si kuchanganya, Ndugu. Ukichanganya maziwa na maji hupati tena maziwa, na maji hupati. Ukioanisha, kila kimoja kinabaki kilivyo. Unaonyesha tu kinavyohusiana na kingine. Watu walisema wawe kijiji kimoja lakini kila mmoja abaki alipo. Hakuna aliyesema waende katikati. Pale katikati hakuna maji. Hakuna kitu."

Yule mtu alivua miwani akaifuta. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia Lukresia hofu.

"Na mimi nimesoma kidogo, Mwalimu. Tulitazame neno lenyewe. Linatoka kwenye kuoa. Watu wakioana wanafanya nini? Mume anaondoka kwa wazazi wake, mke anaondoka kwao, wanakaa nyumba moja. Mume akibaki kwao na mke akibaki kwao, wewe utasema wameoana?"

Lukresia alitafuta jibu. Lilikuwa swali la maana, lingeweza kuulizwa na mkufunzi wake.

"Hata wanaooana," alisema mwishowe, "hawaendi kujenga pasipo na maji."

Yule mtu alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

"Inawezekana wewe ndiye mwenye haki. Sikatai. Lakini tazama." Akamgeuzia fomu. Palikuwa na jina la kijiji, idadi ya kaya, idadi ya mifugo. Chini palikuwa na nafasi iliyoandikwa *Mahali pa kijiji*, nafasi moja, upana wa kidole. "Nimeletewa maoni mawili na nafasi moja. Na mmeniandikia wenyewe niyaoanishe. Ramani imeshakwenda mkoani. Malori yamepangiwa siku."

"Na maji?"

"Bomba limo katika awamu ya pili."

"Lini?"

"Baada ya awamu ya kwanza."

Lukresia akaomba karatasi aandike upya. Alipewa karatasi nne nzuri, na kalamu. Aliandika saa nzima, kwa maneno mepesi aliyoweza kuyapata: maji yako wapi, ndorobo wako wapi, shamba la nani liko wapi. Yule mtu aliisoma barua yote mbele yake, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaitoboa matundu mawili, akaifunga ndani ya faili nyuma ya muhtasari.

"Imeambatanishwa," alisema, kama mtu anayemwambia mgonjwa kwamba jina lake limeandikwa. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Malori yalikuja Oktoba. Hayakuja na ubaya mkubwa. Mgambo walisaidia kuwabeba wagonjwa, na Josephati alikimbia huku na huku akiomba radhi kwa kila nyumba. Mapaa yalishushwa ili mtu asirudi. Mzee Qamara alikataa mlango wake kupakiwa kwenye lori. Aliubeba kichwani mwenyewe mpaka kwenye tuta, akaulaza chini mahali penye kigingi chake, akakaa juu yake. Siku ile ile kutoka juu waliteremka akina Ngoyai, wanawake wakiwa na miti ya nyumba mgongoni, maana nyumba za udongo na samadi hazibebeki. Naserian na Lukresia walikutana katikati ya vigingi. Mistari ya wapimaji ilikuwa imewaweka nyumba ya tatu na ya nne.

"Sasa tuko pamoja, Mwalimu," alisema Naserian. Hakuwa akicheka.

Miezi ya kwanza watu walijitahidi. Kila mwanamke alipanda mwendo wa saa moja kwenda chemchemi na kushuka saa moja na ndoo, awe Mmaasai awe Mwiraqw. Wakulima walishuka saa moja kwenda mashambani na kurudi wamechoka hata kuongea. Vumbi la tuta liliingia kwenye uji. Ng'ombe walikwenda kunywa juu wakarudi jioni mahali pasipo na jani, na jani lilipokwisha kabisa, Ngoyai na wenzake hawakuwa na la kufanya ila kuwashusha korongoni. Ndorobo walikuwa wakiwangoja. Kufikia Februari walikuwa wamezika ng'ombe sitini na tatu. Maziwa yalikatika, na wanawake hawakuwa tena na cha kubadilishana, hata kwa wale waliokuwa wakilala hatua kumi kutoka mlango hadi mlango.

Asubuhi moja ya Machi ng'ombe wa Ngoyai, waliokuwa wamebaki kumi na wawili, waliingia kwenye maharage ya Mzee Qamara aliyoyapanda nyuma ya nyumba. Yalikuwa maharage machache, ya kujaribu kama tuta lile lingeweza kuotesha kitu. Mzee alitoka na mpini wa jembe. Alimpiga ng'ombe wa mbele mguuni, na mguu ukavunjika.

Lukresia alitoka mbio. Baba yake alikuwa amesimama na mpini mkononi, anautazama mguu ule kana kwamba umevunjwa na mtu mwingine. Ngoyai alikuwa amefika.

"Qamara," alisema. "Ng'ombe hii nimeitoa kwenye ndorobo. Imepona. Imekuja kufa kwako."

"Yale yalikuwa maharage yangu, Ngoyai."

"Nimeyaona. Mashina saba."

Hawakupigana. Huenda wangepigana ingekuwa afadhali. Ngoyai alimchinja ng'ombe wake pale pale, watu wake wakabeba nyama, na tangu siku ile wazee wale wawili hawakusalimiana. Josephati alisema shauri lisikilizwe na baraza, akamwomba Lukresia aje kuandika.

"Sitaandika," alisema Lukresia.

"Mwalimu, nani ataandika kama si wewe?"

"Sijui, Ndugu Katibu. Mimi siandiki."

Josephati akaandika mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuisoma karatasi ile.

Mvua za masika zilipoanza, akina Ngoyai waliondoka. Hawakumuaga mtu wala kuomba ruhusa. Asubuhi, watoto wakiwa wanaimba jedwali la saba, Lukresia aliona kupitia dirishani punda wakipita wamebebeshwa mizigo, wanawake nyuma, wakielekea Kakesio. Aliwaacha watoto wakiimba, akatoka. Naserian alikuwa wa mwisho, Namelok mgongoni.

"Mnakwenda, Mama Namelok?"

"Tunakwenda. Huko kuna ndugu wa Ngoyai. Wakitufuata huko, basi, watufuate."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini?"

Naserian alimshika mkono, mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu kwa kamba ya ndoo.

"Mwambie mzee Qamara," alianza, akaangalia mbele alikokuwa Ngoyai, amesimama na mgongo umegeuka. "Basi. Msalimie tu."

Wairaqw hawakuweza kuondoka kama wao. Mtu mwenye ng'ombe huhama na mali yake, lakini mwenye shamba atahama na nini? Mzee Qamara alianza kushuka peke yake kwenda kwenye nyumba yake ya zamani, akakaa ndani ya kuta zisizo na paa. Mgambo walimpandisha. Akashuka tena. Mara ya nne walimkuta amelima kitalu kizima cha viazi chumbani, mahali alipokuwa akilala na mkewe. Kijana wa mgambo aliyemrudisha alikuwa amefundishwa na Lukresia. Alimleta akimshika mkono, machozi yakimlenga.

"Mwalimu, naomba umwambie asirudie. Mimi nikitumwa lazima nikamchukue."

Lukresia alimwambia. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile mkutanoni," aliuliza, "wewe uliandika maneno yangu?"

"Niliandika, Baba. Halafu nikayakata."

Mzee Qamara alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu. Hakumlaumu. Alikufa mwaka wa sabini na nane, kwenye tuta, kwa homa ya mapafu, na padri alipouliza azikwe wapi Lukresia alisema, "Chini, shambani," na safari hiyo hakuna aliyekataza.

Baadaye mambo yalilegea yenyewe. Bomba lilifika mwaka wa themanini na moja, likatoa maji miezi mitatu, likakauka. Timu ilikuwa imeondoka Karatu zamani. Wakulima walianza kurudi korongoni, kaya moja, kaya mbili, kwanza kwa kujificha, kisha mchana kweupe. Hakuna barua iliyowaruhusu. Shule, iliyojengwa upya kwenye tuta baada ya watu kuhamishwa, ilibaki pale kwa sababu ilikuwa ya matofali, na Lukresia akawa kila asubuhi anapanda mwendo wa saa moja kwenda kufundisha na kushuka saa moja kurudi. Juu, kwenye chemchemi, hapakuwa na mtu tena.

Mwaka wa themanini na nne alikwenda Karatu siku ya mnada kununua chumvi na madaftari. Katikati ya mbuzi na vumbi alisikia mtu akimsalimu kwa Kiiraqw nyuma yake, "Saita, Mwalimu." Akageuka. Alikuwa Naserian, amenyoa kichwa, amezeeka zaidi ya miaka minane. Pembeni yake alisimama msichana mrefu.

"Huyu ni Namelok?"

"Ndiye. Hajui neno hata moja la Kiiraqw. Nimejaribu, hataki."

Walikaa kwenye benchi la mama ntilie, wakaagiza chai. Naserian alimweleza: Ngoyai alikuwa hai, macho yamemwisha. Ng'ombe wamefikia thelathini. Kakesio kuna majani lakini maji ni shida wakati wa kiangazi, na ndugu wa Ngoyai hawaachi kuwakumbusha kwamba wao ni wageni. Aliuliza habari za mzee Qamara. Alipoambiwa, alikishusha kikombe, akasema maneno kwa Kimaasai ambayo Lukresia hakuyaelewa.

"Mama Namelok," alisema Lukresia. "Siku nyingi nataka kukuambia kitu. Lile neno nililoandika mkutanoni. Walitupeleka pale kwenye tuta kwa sababu ya lile neno."

"Neno gani?"

Akamweleza. Alimweleza lote, Josephati na "zibaki", mstari wa penseli, yule mtu wa miwani na habari zake za kuoana. Naserian alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Namelok alikuwa amechoka, anawatazama mbuzi.

"Na ungeandika lingine," alisema Naserian, "tungebaki?"

"Sijui."

"Ungeandika lipi?"

Lukresia alifungua mdomo. Pikapu iliyokuwa inaelekea Ngorongoro ilipiga honi, utingo akaita, na Namelok akawa ameshasimama. Naserian alikunywa chai iliyobaki kwa mkupuo mmoja, akajifunga shuka, akamshika Lukresia bega.

"Utaniambia siku nyingine," alisema. "Gari hili halirudi leo."

Walipanda nyuma, juu ya magunia ya unga, na Naserian alipunga mkono mpaka pikapu ilipopinda kona.

Gari la Endabash lilichelewa sana siku hiyo. Lukresia alikaa juu ya gunia lake la chumvi mpaka saa kumi, akitunga ile sentensi. Alijaribu moja, akajaribu nyingine. Zile za wazi alimsikia Josephati akimwambia azikate. Zile za heshima alimwona yule mtu wa miwani akizipigia mstari kwa wino mwekundu.